Fumbo Mfumbie Mjinga? Lugha ya Uchumba, Uhakiki wa Kiswahili na Wanawake Wenye Usonji

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii hufundishwa katika madarasa ya fasihi simulizi kuwa ushahidi wa thamani ambayo jamii ya Waswahili huipa lugha ya ndani. Msemaji bora ni yule asemaye kidogo akaeleweka kwa mengi, na msikilizaji bora ni yule asiyengoja kuambiwa yote. Makala haya yanakusudia kuiuliza methali hiyo swali moja. Ikiwa uerevu hupimwa kwa kugangua fumbo, mwanamke mwenye akili timamu, pengine kali kuliko za wenzake, ambaye huyapokea maneno kama yalivyotamkwa, tumweke wapi?

Swali hili halikuzuliwa kwa ajili ya mjadala tu. Wapo miongoni mwetu wanawake wenye usonji, yaani hali ya kimaumbile ambayo humfanya mtu aushike ulimwengu, sauti, nyuso na maneno kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi. Hapa Lualaba neno usonji halijaenea. Wanaoijua hali yenyewe huitaja kwa jina la Kifaransa, na wasioijua humwita mwenye nayo mjinga, mwenye kiburi, au aliyerogwa. Mwanamke wa namna hiyo anapofikia umri wa kuposwa hukutana na lugha ambayo haikutungwa kwa ajili yake. Lugha ya uchumba ndiyo lugha ya mafumbo kuliko zote.

Hoja yetu ni kwamba uhakiki wa Kiswahili umelisifu fumbo bila ya kuuliza ni nani anayelipia gharama yake. Ili kuionyesha hoja hiyo tutatazama kwanza kinachojulikana kuhusu usonji wa wanawake, kisha tutazisoma upya kazi mbili za Kiswahili zinazofundishwa sana, Utenzi wa Mwana Kupona na Rosa Mistika. Baadaye tutawasikiliza wanawake wawili wenye usonji walioandika habari zao wenyewe, na mwisho tutarejea nyumbani, katika miji ya shaba, tuone picha na desturi zetu zinasema nini.

2.0 Usonji na Jinsia

Kwa muda mrefu usonji ulidhaniwa kuwa jambo la wavulana. Daktari Leo Kanner, aliyeueleza nchini Marekani mwaka 1943, aliandika habari za watoto 11, na kati yao wasichana walikuwa 3 tu. Hans Asperger, aliyeandika mjini Vienna mwaka 1944, alieleza wavulana peke yao. Lakini kabla yao wote, katika miaka ya 1920, daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikwisha kueleza hali inayofanana sana na hiyo, kwanza kwa wavulana na baadaye kwa wasichana. Kazi yake haikusomwa sana nje ya nchi yake kwa miongo mingi. Hivyo sura ya usonji iliyokaa katika vichwa vya waganga na walimu ikawa sura ya mtoto wa kiume.

Kwa miaka mingi vitabu vilitaja uwiano wa wanaume wanne kwa mwanamke mmoja. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2017, umeonyesha kwamba uwiano huo unakaribia zaidi watatu kwa mmoja, na kwamba wasichana wengi hupita bila ya kutambuliwa. Sababu mojawapo ni ile ambayo watafiti huiita kujificha. Msichana huwatazama wenzake kwa makini, huiga jinsi wanavyocheka, wanavyokaa na wanavyoangaliana, na hukariri maneno ya kusema kila mahali. Kwa nje anaonekana sawa na wengine. Kwa ndani amechoka kama mtu anayefasiri lugha ya kigeni tangu asubuhi hadi usiku.

Kuhusu uhusiano wa mapenzi, mambo mawili yanafaa kukumbukwa. La kwanza ni hatari. Mwaka 2016 Sarah Bargiela na wenzake walitoa nchini Uingereza ripoti ya mahojiano na wanawake 14 waliotambuliwa kuwa na usonji mwishoni mwa ujana au wakiwa watu wazima. 9 kati yao walieleza kwamba waliwahi kudhulumiwa kijinsia. Baadhi yao hawakuwa wamefunzwa jinsi ya kukataa, au walidhani kwamba kukubali ndiyo sharti la kupendwa. Nchini Ufaransa, uchunguzi wa Fabienne Cazalis na wenzake, uliotolewa mwaka 2022, uliwauliza wanawake 225 wenye usonji, na karibu tisa katika kila kumi walisema kwamba wamepata kutendewa ukatili wa kijinsia. Hao ni wanawake waliojitolea kujibu, kwa hiyo tusiihesabu takwimu hiyo kuwa ya wanawake wote wenye usonji. Hata hivyo, ni takwimu isiyoweza kupuuzwa.

Jambo la pili linahusu chanzo cha kutoelewana. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mwenye usonji ana upungufu wa kuwaelewa watu. Mwaka 2012 mtaalamu wa elimujamii Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alipinga mtazamo huo. Alisema kwamba kutoelewana huwa na pande mbili: mwenye usonji hamwelewi asiye nao, na asiye nao pia hamwelewi mwenye nao, ila ni mmoja tu anayeitwa mgonjwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake waliijaribu hoja hiyo kwa kuwapa watu kisa cha kupokezana mmoja baada ya mwingine. Watu wenye usonji walipopashana wao kwa wao, kisa kilifika sawasawa na kilivyofika kwa watu wasio na usonji. Habari zilipotea zaidi pale watu wa aina hizi mbili walipochanganywa. Kwa mwanafunzi wa isimu matokeo hayo yana uzito mkubwa, kwa kuwa yanatuelekeza kuutafuta upungufu katika daraja lililo baina ya wasemaji, si katika kichwa cha mmoja wao.

3.0 Fumbo Kama Kipimo cha Adabu ya Mwanamke

Wanapragmatiki, tangu H. P. Grice alipochapisha makala yake maarufu mwaka 1975, wameeleza kwamba maana ya usemi haiishii katika maneno. Msikilizaji hujaza yaliyoachwa kwa kukisia nia ya msemaji. Lugha ya uchumba huutegemea ukisiaji huo kuliko lugha yoyote ya kila siku. Mwanamume asemapo "Umenisahau kabisa", halalamikii kumbukumbu ya mtu. Asemapo "Nitapita kukusalimu jioni", salamu siyo anayoifuata. Msichana ajibupo "Nitafikiri", mara nyingi amekwisha kufikiri na amekataa. Anayekaa kungoja jibu la kufikiri huko huchekwa.

Fumbo lenye uzito kuliko yote limo katika neno dogo hapana. Katika sehemu nyingi zinazosema Kiswahili, msichana mwenye adabu hutarajiwa kukataa kwanza. Akikubali mara moja, huonekana rahisi. Mwanamume naye hufundishwa na wenzake kwamba kukataa kwa mara ya kwanza ni heshima tu, na kwamba uanaume ni kurudi tena. Sasa tumtazame mwanamke anayesema alitakalo. Akipenda, husema ndiyo siku hiyo hiyo, na jamii humwita malaya. Asipopenda, husema hapana, na mwanamume husikia "endelea". Katika hali zote mbili alisema kweli, na katika hali zote mbili hakuaminiwa.

Hapa ndipo uhakiki unapohusika. Tumezoea kuchambua mafumbo ya kanga za pwani, vijembe vya taarabu, majina ya vikwembe vya kwetu na vitendawili vya jioni, na kuyasifu yote kama werevu wa kike. Sifa hizo ni za haki. Wapo watakaotujibu, na jibu lao lina nguvu, kwamba fumbo ndiyo ngao ya mnyonge. Mwanamke asiyeweza kumwambia mumewe au mkwewe neno kavu humwambia kwa kitambaa, naye hubaki salama kwa kuwa hakusema kitu. Hatuikatai hoja hiyo. Tunachosema ni kwamba ngao hiyo haiwatoshi wote. Yule ambaye fumbo halimwelei huachwa bila ya ngao, tena hupigwa kwa mafumbo ya wengine. Zaidi ya hayo, ngao ni kitu cha vitani. Jamii ambayo mwanamke hawezi kukataa ndani yake isipokuwa kwa fumbo haifai kusifiwa kwa sababu ya uzuri wa fumbo hilo.

Ifahamike pia kwamba si kila mwanamke mwenye usonji hushindwa na mafumbo. Wapo wanaoyapenda, wanaoyakusanya na kuyatumia kwa ufundi, hasa yaliyo katika maandishi, ambako kuna muda wa kuyafikiria. Linalowashinda wengi ni fumbo la papo kwa papo, lililochanganywa na jicho, sauti na mkao wa mwili, ambalo jibu lake linatakiwa sasa hivi.

4.0 Utenzi wa Mwana Kupona: Mafunzo Yaliyotamkwa

Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa karibu na mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa mtawala wa Siyu, alipokuwa mgonjwa. Aliutunga kwa ajili ya binti yake. Mwanzoni anamwita akae karibu na alete wino na karatasi, kisha anamweleza jambo moja moja: dini, adabu, ulimi mzuri, uaminifu, watu wa kuambatana nao na wa kuepukana nao. Anamtajia watano ambao radhi yao ni sharti, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Halafu anafafanua jinsi ya kumtunza mume: asimwamshe kwa kelele, amkande mwili, aiweke nyumba safi, ajipambe, aombe ruhusa kabla ya kutoka.

Wahakiki wengi wameushutumu utenzi huu kuwa chuo cha utii wa mwanamke. Wengine, kama Ann Biersteker, wametaka usomwe kwa tahadhari zaidi, wakiona kwamba mume anayeelezwa humo anafanana mno na mtoto mchanga, na kwamba huenda mama anamwonyesha bintiye pale nguvu yake ilipo. Mijadala yote miwili imeyatazama maudhui. Sisi tunapenda kuitazama njia. Mwana Kupona hamwachii binti yake akisie. Anayatamka mambo ambayo kwa kawaida mtoto wa kike huachiwa ayaokote mwenyewe kwa macho, na anataka yaandikwe. Kwa msomaji mwenye usonji njia hiyo ni neema. Kanuni isiyoandikwa humtesa, nayo iliyoandikwa anaweza kuishika, kuipima, hata kuikataa.

Lakini njia njema ikibeba maudhui pungufu huzidisha madhara. Mwanamke anayezishika kanuni kwa ukamilifu ataushika utenzi huu kwa ukamilifu. Utenzi humwambia jinsi ya kuijua radhi ya watano. Haumwambii jinsi ya kuijua radhi yake mwenyewe. Yeye si wa sita. Mwanamke ambaye tangu utoto amezoea kuwaiga wengine ili akubalike, akipewa orodha ya namna ya kumpendeza mwingine, anaweza kuifuata hata atakapoumia, na asijue kwamba maumivu yake nayo ni hoja. Ukosoaji wa utenzi kwa jicho hili haufanani na ule wa kawaida: tunaukubali uwazi wake, na tunadai uwazi huo ufike mpaka mahali ambapo mama mwenyewe alinyamaza.

Nchi jirani inatupa mfano wa njia iliyo kinyume. Audrey Richards, aliyeishuhudia jando ya kike ya Wabemba iitwayo chisungu mwaka 1931 na kuandika kitabu juu yake mwaka 1956, alieleza jinsi mwari anavyoonyeshwa vinyago vya udongo na michoro na kuimbiwa nyimbo ambazo maana yake imefichwa. Richards alihoji kama wasichana walifundishwa humo jambo lolote jipya, kwa kuwa kazi za nyumbani na habari za unyumba walikwisha kuzijua. Aliona kwamba sherehe iliwapa lugha ya siri ya wanawake na kuwaidhinisha kuwa watu wazima. Basi fumbo hapo halikuwa chombo cha kufundishia. Lilikuwa mlango wa kuingilia katika kundi. Asiyeligangua hubaki nje ya kundi hilo hata akizijua kazi zote za nyumba.

5.0 Rosa Mistika: Msichana Asiyeambiwa

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikazuiwa kutumika katika shule za Tanzania. Wengi wameisoma kama riwaya ya malezi mabaya. Zakaria, baba mlevi na mkali, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana Charles, na anamkataza kusimama na wavulana. Rosa anaingia shule ya wasichana, kisha chuo cha ualimu, akiwa hajui lolote kuhusu wanaume. Mwanamume mwenye cheo anamlaghai, na mengine yanafuatia mpaka anapokataliwa na Charles yule yule kwa kuwa si bikira, naye anajiua.

Hatusemi kwamba Rosa ana usonji. Mhusika hapimwi na daktari, na uhakiki unaogawa majina ya magonjwa kwa wahusika hauna faida. Tunasema kwamba riwaya hii inaonyesha waziwazi mtego ambao wanawake wenye usonji huueleza kuwa ndio maisha yao. Rosa anapewa katazo bila ya maelezo. Anaambiwa asisimame na wavulana. Haambiwi ni nini atakachotakiwa na mwanamume, kwa maneno gani, na jinsi ya kujibu. Anapofika mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, hana ujuzi wowote wa kusoma nia ya mtu. Anaanza kwa kuwaiga wenzake, na kuiga huko kunamfikisha mbali. Hatimaye yule yule aliyenyimwa elimu anahukumiwa kwa kutokuwa nayo.

Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu imetumiwa mara nyingi kuifafanua riwaya hii. Ni kweli kwamba ulimwengu ulimfunza Rosa. Lakini methali hiyo huuficha ukweli mwingine, kwamba ulimwengu huwafunza watu kwa bei tofauti. Msichana anayesoma nyuso haraka hujikwaa mara moja akajifunza. Asiyezisoma hujikwaa mara nyingi pale pale, na kila mara huambiwa kwamba alikuwa na macho. F. E. M. K. Senkoro, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya malaya katika fasihi ya Afrika, alituzoesha kumwona mhusika wa namna hiyo kama ishara ya jamii inayouza na kununua kila kitu. Usomaji huo unabaki na nguvu. Tunaongeza kwamba mhusika akiwa ishara kwa muda mrefu mno, tunasahau kuuliza alielewa nini siku ile mlango ulipofungwa.

6.0 Sauti Kutoka Ndani

Fasihi ya Kiswahili bado haina tawasifu inayojulikana ya mwanamke mwenye usonji. Kwa hiyo yatubidi kuwasikiliza wa mbali. Donna Williams, wa Australia, alichapisha Nobody Nowhere mwaka 1992. Anaeleza humo jinsi alivyojijengea nafsi mbili za kumkinga: Willie, aliyekuwa mkali na mwenye elimu, na Carol, aliyecheka, kucheza na kupendeza watu. Ni Carol aliyeishi na wanaume. Wao walimwona mwanamke mchangamfu aliyekubali kila jambo. Donna mwenyewe hakuwapo. Uhakiki wetu unaozungumzia nafsi iliyogawanyika kama mbinu ya kifani utapata hapa nafsi iliyogawanyika ambayo si mbinu. Ni njia ya kupata pa kulala na mtu wa kukaa naye, na gharama yake ilikuwa mwili wake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1996, Like Color to the Blind, Williams anaeleza uhusiano wake na mwanamume anayefanana naye kwa hali. Wawili hao wanajifunza kuulizana waziwazi kama jambo wanalotaka kulitenda ni tamaa ya kweli au ni mazoea ya kuiga. Msomaji aliyelelewa katika utamaduni wa mwenye macho haambiwi tazama anaweza kuona kwamba mapenzi ya namna hiyo yamekauka. Sisi tunaona kinyume chake. Kumuuliza mtu kama anataka, na kungoja jibu, ni heshima ambayo lugha ya mafumbo huizungumzia sana na kuitekeleza kidogo. Ndoa yao haikudumu, lakini swali lao linadumu.

Sauti ya pili ni ya Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947. Katika Thinking in Pictures, kitabu cha mwaka 1995, anaeleza kwamba aliamua kuishi bila ya mapenzi ya kimwili, kwa kuwa uhusiano huo una mambo mengi yasiyosemwa na hatari nyingi za kukosea. Oliver Sacks, aliyeandika habari zake mwaka huo huo katika An Anthropologist on Mars, anasimulia kwamba tamthilia ya Romeo and Juliet ilimtatiza Grandin: hakuweza kufahamu wapenzi wale walikuwa wanafanya nini. Tusilicheke jambo hilo. Tamthilia ile ni hadithi ya barua isiyofika na kifo cha kujifanya kilichosomwa vibaya. Msomaji anayeuliza kwa nini watu hawa hawaambiani mambo waziwazi ameligusa tatizo lenyewe. Inafaa pia kukumbuka kwamba uamuzi wa Grandin ni wake. Wanawake wengine wenye usonji hutaka mume, watoto au mpenzi kama wanawake wengine wote, na kumdhania kila mmoja wao kuwa hana haja ya mapenzi ni dhuluma nyingine.

7.0 Lualaba: Zawadi, Doti na Mamba Muntu

Turejee nyumbani. Enzi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, maisha ya ndoa katika kambi za Kolwezi yalikuwa na kanuni zilizoandikwa. Kampuni ilimtambua mke, ikampa posho ya chakula, ikamtibu, ikawasomesha watoto. Kanuni hizo zilimtawala mwanamke kama mtoto, nasi hatuzitamani. Lakini kila mtu alijua nani ni mke wa nani na kwa masharti gani. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, na maelfu ya wafanyakazi walipoondolewa mwaka 2003, kanuni hizo zilianguka pamoja nayo. Leo mji umejaa wachimbaji wa mikono, wafanyabiashara na wageni, na uhusiano mwingi huanza kwa zawadi ndogo: vocha ya simu, nauli, kitambaa, soda.

Zawadi hiyo ndiyo fumbo la mjini. Mtoaji hasemi anadai nini. Mpokeaji anatarajiwa kujua. Mwanamke anayeichukua zawadi kuwa zawadi, akashukuru na kwenda zake, huambiwa baadaye kwamba alikula deni. Desturi ya doti, kwa upande wake, ina uwazi ambao zawadi haina. Jamaa hukaa, hutaja mali, hukubaliana mbele ya mashahidi. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaihifadhi doti na papo hapo inadai ridhaa ya kila mmoja wa wanandoa. Hata hivyo katika kikao hicho mara nyingi shangazi na wajomba ndio wasemaji, na binti aliyekaa kimya huhesabiwa kuwa amekubali. Kwa binti ambaye sauti humkauka mbele ya watu wengi, kama inavyowatokea wanawake wengi wenye usonji, kimya hicho hakina maana yoyote ya kukubali.

Wakongwe wa miji ya shaba wataikumbuka picha ya Mamba Muntu, iliyotundikwa katika sebule nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1970: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, ameketi kando ya maji. Katika masimulizi mengi humpa mwanamume utajiri kwa sharti kwamba aitunze siri na awe wake. Wahakiki wa sanaa hiyo wameitafsiri picha kama ndoto ya mali na hofu ya gharama zake. Tunaomba itazamwe pia kwa jambo moja dogo. Mamba Muntu husema masharti yake waziwazi, na anayeyavunja ni mwanamume. Lakini anayeogopwa katika hadithi ni yeye. Mwanamke anayesema bila ya fumbo anachotoa na anachotaka hatukuweza kumfikiria kuwa binadamu. Ilitubidi tumpe mkia na kumtia majini. Wale wanaowaita wasichana wasiotazama watu usoni kuwa ni wa majini au wamerogwa wanaendelea na uchoraji huo huo, ila safari hii juu ya mtu hai.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kugangua fumbo ni ujuzi, na kwamba ujuzi huo haupimi akili wala adabu. Utenzi wa Mwana Kupona umetuonyesha kwamba mafunzo ya wazi yanawezekana katika Kiswahili bora kabisa, na kwamba uwazi usiotaja radhi ya mwanamke mwenyewe hautoshi. Rosa Mistika imetuonyesha matokeo ya katazo lisilo na maelezo. Williams na Grandin wametuonyesha kwamba msomaji asiyeshika fumbo anaweza kuwa mhakiki mkali wa maisha yetu.

Kwa walimu wa Kiswahili yako mambo matatu yanayofuata. Kwanza, tunapofundisha methali iliyoanzisha makala haya, tuiulize pamoja na wanafunzi, kwa sababu huenda aliyeitwa mjinga ndani yake ameketi darasani, mara nyingi mstari wa mbele, akiwa na daftari safi kuliko zote. Pili, istilahi. Nchi yetu ilitangaza tarehe 3 Mei 2022 sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na ile ya Julai 2006 juu ya ukatili wa kijinsia inatambua kwamba ubakaji unaweza kutendwa kwa kumshtukiza mtu au kwa shinikizo la nafsi, si kwa nguvu za mikono peke yake. Sheria hizo zimeandikwa kwa Kifaransa. Kazi ya kuziweka katika Kiswahili kinachoeleweka Kolwezi, pamoja na maneno ya kutaka, kukataa na kubadili nia, ni kazi ya idara kama zetu. Tatu, tuwatie moyo wanawake hao waandike. Hatujui bado sura ya riwaya ya mapenzi ya Kiswahili itakayotungwa na mwanamke anayetaka kila jambo litajwe kwa jina lake. Itakapokuja, tusiihukumu kwa uchache wa mafumbo yake.